Ndizi Zinazopumua

Jumanne, tarehe 14 Machi, mwaka 2062. Asubuhi hiyo mji wa Tukuyu uliamka ukiwa umefunikwa na ukungu mzito, na manyunyu yalikuwa yakianguka bila haraka, yale manyunyu ambayo huyaoni yakishuka lakini ukifika uendako unakuta sweta limelowa. Tusekile Mwaisumo alifunga mlango wa nyumba yake, akasimama kibarazani, akamshukuru Mungu kwa sauti ndogo kwa kumwamsha mzima. Kisha akavaa barakoa, akapachika mkoba begani na kushika njia ya kwenda sokoni.

Siku hiyo alikuwa na sababu nyingine ya kushukuru. Ilikuwa siku ya ishirini. Maduka kumi na mawili ya Safu ya Saba yalikuwa yamekaa siku ishirini mfululizo taa zao zikiwa kijani. Kesho yake, zikitimia ishirini na moja, mkaguzi angekuja kutoka Mbeya kusoma vifaa, na msaada wa serikali ungefunguka: umeme wa bure msimu mzima, bidhaa za kuanzia upya, na posho ya wasaidizi waliokuwa wamerudishwa nyumbani. Tangu homa ya upepo iingie nchini, mwaka wa tatu sasa, safu ile haikuwahi kufika hata siku ya kumi.

Alianzia saluni, mlango wa tisa, kwa sababu redio ya huko ilikuwa ikisikika tangu barabarani. Gwantwa, mwenye saluni, alipenda kwaya, na alipenda isikike mpaka kwa wauza nyanya.

"Mama mshauri!" Gwantwa aliita, mikono yake ikiwa imejaa povu. "Ingia, lakini usipumue sana. Baba Mkwe ameamka vibaya leo."

"Mko wangapi humo?"

"Mmoja na nusu. Huyu dada nimemnyoa nywele zote, amepungua."

Mteja alicheka chini ya taulo. Tusekile akaingia, na wote watatu wakatazama juu ya mlango. Pale palikuwa na kifaa cheupe cha duara, ukubwa wa kisosi, kama kilivyokuwa juu ya kila mlango wa biashara nchini. Jina lake kwenye karatasi za serikali lilikuwa kipimapumzi. Wanawake wa Safu ya Saba walikiita Baba Mkwe, kwa sababu zamani bibi zao wa Kinyakyusa hawakuruhusiwa hata kukutana njiani na baba wa mume. Nao mbele ya kifaa kile walijikunja vivyo hivyo, wakapumua kwa adabu.

Kazi yake ilikuwa kunusa hewa ya chumba. Mtu akishusha pumzi hutoa joto, unyevu na hewa iliyokwisha kutumika, na kifaa kilijua kiasi cha mtu mmoja. Kilipogawanya, kilipata vichwa. Saluni iliruhusiwa vichwa vitatu. Akiingia wa nne, taa iligeuka njano. Asipotoka kwa dakika tano iligeuka nyekundu, mashine ya malipo ikazima, na siku za safu nzima zikaanza kuhesabiwa upya. Safu nzima, kwa sababu kuta zilikuwa za mbao na hewa ya huyu ilikuwa hewa ya yule. Isitoshe, pumzi ya mwenye homa kifaa kiliitambua siku mbili kabla ya mwenyewe kujijua.

Taa ya saluni ilibaki kijani. Tusekile akaandika kwenye kibao chake cha kioo.

"Kesho, Mungu akipenda," alisema.

"Amina. Na wewe Mungu akuweke," Gwantwa alisema, na safari hii hakuwa akitania. "Mume wangu alipofariki nilikuwa na makaratasi ya msaada nayaweka chini ya godoro kwa sababu yalinitisha. Wewe ukaja ukakaa hapo kwenye kigoda, ukaniuliza swali moja moja mpaka yakaisha. Sisahau."

Tusekile alitoka akiwa amejawa na furaha. Alikuwa amesoma masomo ya jioni akiwa na miaka arobaini na tisa, amekaa dawati moja na vijana wa umri wa wanawe, ili apate kuwa mshauri wa biashara ndogo wa kata. Kazi yenyewe ilikuwa kwenda mlango kwa mlango, kuwafundisha watu kupanga viti, kufungua madirisha, kujaza fomu, na pale mashine ilipokosea, kubishana na mashine kwa niaba yao. Kila mlango uliokaa kijani aliuhesabu kama jibu la ombi.

*

Mlango wa kumi ulikuwa wa Ambokile, muuza ndizi. Huyo ndiye aliyempa Tusekile sifa mkoa mzima.

Miezi miwili nyuma, mlango wa Ambokile ulikuwa ukigeuka mwekundu karibu kila siku, hata alipokuwa peke yake kaunta. Watu walianza kusema duka lina mashetani. Tusekile alikaa siku tatu akisoma, akapiga simu kwa mwalimu wake wa zamani wa sayansi, na mwishowe akapata jibu. Nyuma ya duka palikuwa na chumba cha kuivishia ndizi, chenye mlango mmoja tu, ule wa kuingilia dukani. Na ndizi ikikatwa shambani haifi. Inaendelea kuvuta hewa na kuitoa, na siku inapoanza kugeuka rangi hupumua kwa nguvu kuliko siku zote. Mikungu sitini katika chumba cha joto hupumua kama mkutano wa watu. Baba Mkwe alikuwa akihesabu ndizi.

Tusekile akaandika ombi la punguzo. Kifaa cha mlango wa kumi kikaruhusiwa kuondoa vichwa tisa katika kila hesabu, na taa ikawa kijani. Habari zilifika Mbeya, na barua ya pongezi ikaja. Aliikunja akaiweka ndani ya Biblia.

"Karibu, mama, karibu," Ambokile alisema. Alikuwa mtu mfupi, mnene wa mabega, mwenye koti la mvua ambalo hakulivua hata ndani. "Leo sina hata ndizi ya kukupa ule njiani. Aibu tupu."

"Zimekwenda wapi?"

"Tangu Jumamosi daraja la mbao la kule shambani limesombwa na maji. Mkungu wa mwisho niliutoa juzi, mkavu kama kuni. Nakaa hapa kama mlinzi wa kaunta."

"Pole, baba. Litajengwa. Ngoja nisome kifaa nikuache."

Akainua kibao kuelekea mlangoni. Maandishi yakatokea: kabla ya punguzo, vichwa sita, baada ya punguzo, hakuna mtu. Tusekile akacheka.

"Unaona hii? Inasema mimi na wewe hatupo."

Ambokile hakucheka. Tusekile akaangalia tena kibao, na kicheko chake kikafa polepole. Yeye alikuwa mmoja. Ambokile wa pili. Chumba hakikuwa na ndizi tangu juzi.

"Baba," alisema, "ni nani wengine wanne?"

"Hewa imebaki tu. Hewa ya ndizi hukaa."

"Haikai siku mbili. Naomba unifungulie chumba."

"Chumba hakifunguliwi, mama. Unajua desturi yetu."

Aliijua. Wauza ndizi wa Tukuyu hawakubali mtu mwingine afungue chumba cha kuivishia. Ndizi zimelala, husema, na mgeni akifungua mlango joto linatoka, zinaiva upande mmoja na kubaki mbichi upande wa pili. Hata siku ile ya kupima, miezi miwili nyuma, Tusekile alikuwa ameheshimu. Alisimama nje ya mlango uliofungwa, akapima hewa iliyotoka kwenye nyufa, akaandika tisa. Na fomu ilipouliza, Je, umekiona chumba kwa macho yako?, aliweka alama kwenye ndiyo, kwa sababu ukichagua hapana fomu ilirudi mwanzo na watu walikuwa wakisubiri.

"Leo hakuna ndizi ya kuamsha," alisema.

Ambokile alichungulia barabarani. Kisha akatoa ufunguo ndani ya koti, akapita mbele yake, akafungua.

*

Mle ndani mlinukia majani makavu ya migomba na mafuta ya cherehani. Taa moja ndogo ilining'inia katikati. Chini yake, magoti kwa magoti, walikaa wanawake wanne na cherehani zao nne, na vitambaa vya sare za shule vimerundikwa mpaka kwenye mbao za dari. Hapakuwa na dirisha. Walikuwa wameacha kushona, miguu imetulia juu ya pedali.

Sauti ya kwaya kutoka saluni ilipita ukutani, kubwa kuliko hata ilivyosikika barabarani. Ndipo Tusekile alipoelewa kwa nini Gwantwa alipenda kwaya namna ile: ilimeza mlio wa cherehani.

"Shikamoo, mama," alisema mkubwa wao. Tusekile alimfahamu. Alikuwa Bupe, ambaye zamani alishonea kwenye baraza la duka la vifaa.

"Marahaba, Bupe. Tangu lini?"

"Tangu mabaraza yafungwe kwa ajili ya homa. Miezi mitatu kasoro."

"Kwa nini hukuja kwangu? Si ningekuandikia?"

"Nilikuja," Bupe alisema bila hasira. "Ulinipokea vizuri, ukanipa chai. Tukajaza fomu mpaka ukurasa wa pili. Hapo inaulizwa namba ya mlango. Mimi nilikuwa na baraza la mtu, sina mlango. Ulisema utaniulizia Mbeya."

Tusekile alikumbuka. Alikuwa ameuliza kweli, mara moja, na jibu halikuja, na zikaja ndizi zikamchukua akili.

"Usiwaseme hawa," Ambokile aliingilia. "Nisemwe mimi. Mke wangu alipopata homa ya upepo, mimi mumewe niliogopa kuingia chumbani. Nakwambia ukweli, nilisimama mlangoni kama mgeni. Bupe ndiye aliyeingia. Siku kumi na saba alimlisha uji kwa kijiko na kumbadilisha nguo. Mke wangu leo yuko shambani anapalilia. Halafu Bupe huyu aniambie hana pa kuweka cherehani, nimwambie nini? Nimpe pole?"

"Ulifanya vyema kumkumbuka," Tusekile alisema, na alimaanisha. "Lakini mmekaa wanne humu bila tundu la hewa. Na mnajua lile punguzo linafanya nini? Kifaa chenu ni kiziwi kwa pumzi tisa. Mmoja wenu akiingia na homa kesho, hakitasema. Kitawaacha mpeane, na mtaipeleka kwenye safu nzima, na taa itabaki kijani."

Mshonaji mdogo kuliko wote alishika kifua chake kwa mkono, kama anayejisikiliza.

"Hatujaugua hata mmoja," Bupe alisema polepole.

"Namshukuru Mungu. Namshukuru sana. Ila si kazi yangu iliyowalinda."

*

Habari katika Safu ya Saba hazihitaji simu. Tusekile alipotoka, Gwantwa alikuwa amekwishasimama kwenye manyunyu, na nyuma yake wenye milango karibu wote, kila mmoja umbali wa hatua mbili kutoka kwa mwenzake, kama walivyofundishwa na Tusekile mwenyewe.

"Mlijua wote?" aliwauliza.

Waliinamisha vichwa, mmoja baada ya mwingine.

"Sasa utafanyaje?" Gwantwa aliuliza.

"Kesho nitamwambia mkaguzi."

"Mama, siku moja. Siku moja tu imebaki. Wahamishe leo, kesho asome kijani, msaada uingie, keshokutwa useme unachotaka."

"Na akiniuliza kama punguzo ni sahihi?"

"Useme ndizi zinapumua! Si ni kweli? Wewe ndiye uliyetufundisha."

Wengine walicheka kidogo, kwa woga.

"Zinapumua kama watu watano," Tusekile alisema. "Mimi niliandika tisa. Niliandika pia kwamba nimeona, na sikuona."

"Lo!" Gwantwa alipiga kofi hewani. "Kumbe ndivyo. Unataka kuosha roho yako kwa maji yetu. Wewe una mshahara, mama. Una barua ya pongezi. Mimi nina watoto watatu na kiti kimoja cha kunyolea. Utakwenda kanisani Jumapili na roho nyeupe, na sisi tutarudi siku ya kwanza. Ulitusaidia ili utushushe vizuri?"

Maneno yale yalimwingia Tusekile, kwa sababu yalikuwa na ukweli ndani yake. Akaaga kwa adabu, akarudi nyumbani.

Mchana ule hakula. Alikaa mezani na kitabu cha kanuni za misaada, kurasa mia mbili na kumi, akakisoma kama alivyosoma zamani darasani, kidole chini ya mstari. Alipochoka aliweka paji la uso juu ya meza.

"Bwana," alisema, "nilikuomba kazi ya kusaidia watu, ukanipa, na sijawahi kukurudishia asante ya kutosha. Leo nikisema kweli nawaumiza. Nikinyamaza, siku homa itakapoingia chumba kile mimi ndiye nitakayekuwa nimefunga masikio ya kifaa. Sikuombi uniondolee. Nionyeshe tu mahali pa kuweka mguu."

Hakusikia sauti yoyote. Alisikia manyunyu kwenye bati. Akafungua kitabu tena, na kwenye ukurasa wa mia moja na themanini, katika maandishi madogo ambayo watu huyaruka, akakuta kanuni tatu. Akazisoma mara nne. Zilimfaa kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe. Akainamisha kichwa akashukuru hata hivyo, na safari hii shukrani ilikuwa nzito kutamka.

*

Mkaguzi alifika Jumatano saa tatu asubuhi. Aliitwa Nkwabi, mtu mrefu kutoka Shinyanga aliyehamishiwa Mbeya, na alivaa makoti mawili.

"Nyie watu mnaishije kwenye jokofu?" aliuliza huku akipuliza viganja.

"Tunakula ndizi za moto, mkaguzi," alijibu mtu. "Nyie mnaokula viazi vikavu mtalijulia wapi joto?"

Nkwabi alicheka, akatoa kibao chake. Tusekile akatoka mbele kabla hajakiwasha.

"Mheshimiwa, kabla hujasoma, safu hii ina neno la kusema. Ni neno langu."

Akalisema lote, akiwa amesimama wima, mikono nyuma kama mwanafunzi. Alieleza mlango uliofungwa, alama aliyoweka kwenye ndiyo, vichwa tisa, vitano vya ndizi na vinne vya wanawake. Hakumtaja Ambokile kwa ubaya. Alisema muuza ndizi alimpokea mtu aliyemwokolea mke. Hakusema kwamba safu nzima ilijua, kwa sababu hakuulizwa.

Nkwabi alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulikuwa umepoteza kicheko.

"Mama Mwaisumo, barua ile ya pongezi niliiandika mimi. Wilaya tatu zimeanza kutumia punguzo lako."

"Ndizi kupumua ni kweli, mheshimiwa. Waambie wafungue vyumba wahesabu kwanza."

"Unajua kanuni inasemaje juu ya mshauri aliyethibitisha asichokiona?"

"Neno lake halipokelewi na mfumo kwa mwaka mzima. Ukurasa wa mia moja na themanini. Na chini yake kuna nyingine mbili. Safu ikijitangaza yenyewe kabla ya kusomwa, mkaguzi anaweza kuisimamisha ilipofika badala ya kuirudisha siku ya kwanza. Na wasio na mlango wanaweza kupewa namba, wakipata chumba chenye dirisha na kifaa chake. Naomba uzitumie zote."

"Zote, pamoja na ile ya kwako?"

"Zote."

Gwantwa alikuwa akiangalia miguu yake.

Nkwabi aliomba kuonyeshwa chumba. Wanawake walikuwa wametoka nje na cherehani zao zimefunikwa nailoni. Aligonga ukuta wa nyuma kwa vidole.

"Hapa dirisha linawezekana," alisema. "Lakini chumba chenye dirisha hakiivishi ndizi, au nakosea?"

"Hukosei," Ambokile alisema. "Joto litatoka lote."

"Basi chagua, baba. Ndizi au watu. Siwezi kuandika vyote viwili."

Baba yake Ambokile alikuwa ameivisha ndizi katika chumba kile, na babu yake kabla ya hapo. Ambokile aliweka kiganja juu ya ubao, akakaa hivyo kidogo, kisha akavua koti la mvua. Watu wa safu walitazamana, maana wengi hawakuwahi kumwona bila hilo koti.

"Nitauza mbichi," alisema. "Sisi wenyewe tunapika mbichi siku zote. Mbivu ni za wageni wenu wa Dar." Akamgeukia mtengeneza viatu wa mlango wa kumi na mmoja. "Nipe nyundo."

Alipiga ubao wa kwanza, ukang'oka. Wa pili ulimsumbua, Bupe akaushika upande wa chini akauvuta naye. Mwanga wa asubuhi ukaingia mle ndani, na vumbi la majani makavu likaonekana likielea. Bupe alisimama mbele ya tundu lile, ukungu ukimpiga usoni.

"Ndaga fijo, baba," alimshukuru kwa lugha ya nyumbani.

Nkwabi alirudi nje na kibao chake.

"Nasema mara moja, msikilize. Punguzo la mlango wa kumi limefutwa. Chumba hiki kitapewa namba yake na kifaa chake. Kifaa kitafika baada ya siku kumi na nne. Siku zenu zimesimama kwenye ishirini. Hazirudi nyuma. Ila hazisogei mbele mpaka kifaa kije, na siku hizi zote kumi na nne lazima mtu afungue mlango ule kila asubuhi na kuhesabu kwa macho, na neno lake liingizwe kwenye mfumo. Kazi hiyo kwa kawaida ni ya mshauri. Lakini neno la mama huyu, kuanzia sasa hivi, mfumo haulipokei." Akabonyeza mahali. Kibao cha Tusekile, mkononi mwake, kikazima. "Samahani, mama."

"Asante, mheshimiwa," Tusekile alisema. Macho yake yalikuwa yamejaa, lakini sauti ilikuwa imetulia. "Umetutendea haki."

"Nahitaji neno la mtu mwingine. Mwenye mlango katika safu hii, kwa sauti, mbele ya mashahidi. Na ajue kabisa: akisema uongo hata siku moja, mlango wake unafungwa moja kwa moja."

Hapo kila mtu akafikiria mlango wake. Mtengeneza viatu alikohoa, akaona aibu ya kukohoa. Ambokile alifungua mdomo, lakini Nkwabi akatikisa kichwa: wewe ni mhusika, huwezi.

"Mimi," alisema Gwantwa.

Alikuwa bado na kitana kichwani. Alijipenyeza kutoka nyuma, akasimama pembeni ya Tusekile bila kumtazama kwanza.

"Jana nilimwambia huyu mama maneno ambayo mtu hamwambii mwenzake," alisema. "Nilimwambia anaosha roho yake kwa maji yetu. Leo nimesimama hapa nikimsubiri atutaje, kwamba tulijua wote, kwamba redio ni yangu. Hakututaja. Amejitaja peke yake, na kazi yake imekwenda tunaiona." Akamgeukia Tusekile. "Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini fikiria vizuri, mwanangu. Una watoto."

"Ndiyo sababu."

"Kwa hiyo mlijua wote?" Nkwabi aliuliza.

"Wote, mkaguzi. Andika. Na redio uandike."

Pembe ya mdomo wa Nkwabi ikasogea kidogo. Akainua kibao mbele ya uso wa Gwantwa.

"Redio haina sehemu yake kwenye fomu," alisema. "Sema jina lako, kisha neno lako. Na ninyi wengine mnyamaze, msikie, kwa sababu ninyi ndio mashahidi."

Watu kumi na zaidi walisimama kwenye manyunyu, hatua mbili kati ya mmoja na mwingine, Bupe akiwa ameshika ubao uliong'olewa, Tusekile akiwa na kibao kilichozimika kifuani. Gwantwa alitoa kitana kichwani, akainua mkono wa kulia.

"Mimi Gwantwa Mwakibinga, mwenye mlango wa tisa," alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza nyanya, "naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu nyote. Siku kumi na nne nitafungua mlango ule kwa mkono wangu. Nitaingia ndani, si kusimama nje. Nitawahesabu waliomo mmoja mmoja, kwa majina yao, na nitasema nilichokiona, wakiwa sawa au wakizidi, iwe inatufaa au inatuumiza. Na akizidi mmoja, hata awe mwanangu wa kumzaa, nitamtaja."